Nani Alimfundisha Fanani? Maisha ya Mwalimu wa Ngoma na Pengo katika Uhakiki Wetu

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili tulipewa kazi ambayo wengi wenu mnaijua: nenda nyumbani likizo, kusanya nyimbo zisizopungua tano za jamii yako, ziandike, zitafsiri kwa Kiswahili, kisha zichambue fani na maudhui. Mimi nilikwenda Madibira, alikozaliwa mama yangu. Kwa wasiopajua, Madibira iko kwenye tambarare ya Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Lakini ukitokea Dar es Salaam unashukia Mafinga, mkoa wa Iringa, halafu unateremka kutoka kwenye baridi na misitu ya mbao ya Mufindi mpaka kwenye joto na majaruba ya mpunga yanayonyweshwa na mto Ndembera. Ni mahali pa mpakani kwa kila hali. Wasangu, Wahehe na Wabena wamechanganyika huko tangu zamani, na baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao.

Huko nilikutana na bibi mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa sababu sikumwomba ruhusa alipokuwa hai. Bibi huyu alifundisha ngoma. Hakuwa mwalimu wa shule wala wa chuo, na hakuna aliyemlipa. Mpunga ukishavunwa, jioni jioni watoto na vijana walikusanyika kwenye uwanja nyuma ya nyumba yake, naye akawafundisha. Kikundi chake ndicho kilichoitwa Mwenge wa Uhuru ulipopita, na ndicho kilichosimamishwa juani kumngoja mgeni rasmi aliyechelewa saa tatu. Nilinasa nyimbo saba kwa simu, nikampa kilo mbili za sukari, nikamshukuru, nikaondoka. Kazi yangu ilipata alama nzuri tu.

Miaka miwili baadaye nilirudi. Bibi alikuwa amepooza upande mmoja. Mwalimu kijana wa shule ya msingi alitaka kukiendeleza kikundi, na alikuwa amesikia kwamba mimi niliandika juu ya ngoma ile. Akaniomba nakala. Nikampa, na nakiri kwamba nilimpa kwa fahari. Akaisoma usiku. Asubuhi akanirudishia, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Samahani kaka, humu wanaanza na mguu gani?"

Sikuwa na jibu. Kurasa kumi na nane, na hamna hata mguu mmoja ndani yake! Kulikuwa na dhamira, takriri, tashihisi, nafasi ya mwanamke, mgongano wa ukale na usasa. Nilikuwa nimemfanya bibi yule mdomo mtupu.

Katika makala haya nataka kusema jambo moja. Uhakiki wetu wa fasihi simulizi unamjua fanani, yaani yule anayeonekana anacheza na kuimba, lakini haumjui aliyemfundisha. Na pale tunapojaribu kusimulia maisha ya mtu wa aina hiyo, tunatumia fani ya wasifu iliyoshonwa kwa ajili ya mtu wa aina nyingine, yaani nyota. Vazi halimkai. Nitalionyesha hilo kwa kutazama wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, halafu namna maisha ya Bi Kidude yalivyosimuliwa, kisha nitarudi Madibira kwenye deni langu.

Mambo sita, na la saba

Tuanze na nadharia ambayo wote tumeinukuu kwenye mitihani. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitutoa mahali pabaya. Kabla yake wengi wetu tulikuwa tukiiona fasihi simulizi kama maneno ambayo kwa bahati mbaya hayajaandikwa. Yeye akasema ni tukio, na akataja mambo sita yanayoingiliana: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Sina ugomvi na orodha hiyo. Kila nikihudhuria ngoma naiona ikifanya kazi.

Lakini hebu tujiulize. Mambo hayo sita yote yako pale siku ya ngoma. Siku moja kabla yake kulikuwa na nini? Wiki tatu kabla? Kuna mtu alisimama jua la saa kumi akasema "rudia", na aliposikia amechokwa akasema "rudia" tena. Kuna mtu aliamua kwamba huyu acheze mbele na yule akae nyuma. Kuna mtu alikataa pigo fulani la ngoma, akakubali jingine. Sasa, kazi ya kukubali na kukataa, sisi hapa chuoni tunaiita nini? Tunaiita uhakiki, na tunapewa shahada kwa ajili yake.

Kwa hiyo nathubutu kuongeza la saba, mwalimu. Fanani tunaweza kumwona kwa jioni moja, lakini mwalimu haonekani kwa jioni moja. Ukitaka kumwona ni lazima uwe na wanafunzi wake wa miaka mingi mbele yako, uwatazame wanavyofanana. Tatizo letu ni kwamba utafiti wetu unafanywa likizo.

Sisemi kwamba hakuna aliyewahi kuitazama miguu. Godwin Kaduma, katika tasnifu yake ya mwaka 1972 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizieleza ngoma tano za Tanzania kama sanaa ya jukwaani, si kama maneno ya nyimbo tu. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Wenzetu wa sanaa za maonyesho wameiendeleza njia hiyo kwa namna zao. Sisi watu wa fasihi tumebaki na daftari la nyimbo, na jengo lao haliko mbali.

Siti apanda ngazi

Katika Kiswahili tuna wasifu mmoja mashuhuri wa mwanamke msanii, nao ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliotoka kwanza mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Kwa wengi wetu ndio uliotufundisha kwamba maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu. Hilo peke yake ni jambo kubwa. Katika zama ambazo vitabu vya maisha vilikuwa vya wafalme, mitume na wamisionari, Shaaban Robert alikaa chini akaandika maisha ya binti wa kijiji cha Fumba aliyewahi kuuza vyungu. Tusimbeze.

Hata hivyo, tutazame umbo la kitabu. Siti anatoka chini anakwenda juu. Anatoka Fumba anakuja mjini Unguja mwaka 1911. Anatoka mjini anakwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, jambo ambalo mwanamke wa pwani hii alikuwa hajalifanya. Kila hatua ni ngazi, na kila ngazi ina funzo la adili ambalo mwandishi halifichi, maana Shaaban Robert hakuwahi kuandika ukurasa bila ya kumfikiria msomaji anayehitaji kunyooshwa. Umbo hilo linamfaa Siti. Maisha yake kweli yalipanda, na sauti yake kweli ilibaki kwenye santuri.

Lakini umbo hilo lina sharti moja: linamtaka mhusika awe mmoja. Wengine wote wanakuwa watu wa kando, waliomsaidia apande au waliotaka kumteremsha. Waliojifunza kwake hawana pa kukaa. Kwa mwimbaji mwenye santuri hasara si kubwa. Je, kwa mtu ambaye kazi yake yote imo ndani ya wengine? Ukiwaondoa hao wengine, ni kitu gani kinabaki cha kusimulia?

Bi Kidude: nyota au kungwi?

Mmoja wa wale waliomsikiliza Siti na kujifunza kwa kumsikiliza alikuwa msichana Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, Unguja, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi: magazetini, redioni, kwenye majalada ya santuri, na katika filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 iitwayo As Old as My Tongue.

Mtu yeyote aliyefuatilia masimulizi hayo anaweza kuyasimulia akiwa usingizini. Kwanza umri: hakuna aliyejua alizaliwa lini, basi kila mwandishi akampa miaka aliyoitaka. Halafu sigara. Halafu safari za Ulaya na tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005. Halafu ndoa alizozikimbia. Halafu, karibu kila mara, sentensi moja fupi yenye huruma: hakujaliwa mtoto.

Filamu ya Jones ni nzuri, na mtengenezaji wake anajua alichonacho mkononi. Jina lake dogo linatangaza kwamba inahusu kisasili na maisha, mambo mawili, na hiyo ni dalili ya mtu anayefikiri. Lakini hata yeye anavutwa na mkondo uleule. Kamera inampenda bibi anayesafiri. Bibi aliyeketi na wasichana nyuma ya mlango uliofungwa kamera haiwezi kumpenda kwa kiasi hichohicho, kwa sababu hairuhusiwi kuingia.

Na hapo ndipo ilipo kazi yake ya miaka mingi kuliko zote. Bi Kidude alikuwa kungwi. Alifundisha unyago. Kabla ya tuzo na baada ya tuzo, pamoja na biashara yake ya hina na wanja na dawa zake za miti shamba, aliwapokea wari, yaani wasichana waliovunja ungo, akawafunda kwa ngoma. Tusidanganyike na neno "kufunda" tukadhani ni mawaidha. Unyago unafundisha kwa mwili. Mwari hakai akaandika. Anaonyeshwa, anaiga, anachekwa, anarudia, mpaka kiuno na mabega vijue jambo ambalo mdomo ungeona haya kulisema. Nyimbo zipo, na ni za mafumbo makali, lakini nyimbo bila ya ule mchezo ni kama kamba bila ndoo. Bi Kidude mwenyewe alikuwa mpigaji. Wengi tunaikumbuka picha yake amesimama, ngoma ndefu ameifunga kiunoni, anaipiga kwa mikono miwili.

Historia ya ngoma hizi inaonyesha uzito wa kazi ya mwalimu. Unyago wa Unguja ulitoka bara, kwa kiasi kikubwa pamoja na watu walioletwa visiwani kama watumwa kutoka pande za Nyasa na Uyao. Laura Fair, katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu unyago wa Unguja kati ya 1890 na 1930, ameonyesha jinsi ngoma hizo zilivyobadilika baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, zikawa mahali ambapo wanawake wa asili mbalimbali walijitengenezea utu mpya wa Kiunguja. Sasa mimi nauliza: nani alizibadilisha? Ngoma haijibadilishi yenyewe kama maziwa yanavyoganda. Kuna kungwi aliyeamua kuacha hiki, kungwi mwingine akakichukua kile. Hao ni watunzi na wahakiki wa jamii yao, na majina yao hatunayo.

Turudi kwenye ile sentensi ya huruma, hakujaliwa mtoto. Kwa mantiki ya wasifu wa nyota ni kweli: mti mkubwa usio na tunda. Kwa mantiki ya unyago ni kichekesho. Kungwi na mwari wake wana undugu usiokwisha. Mwari akiolewa kungwi yumo, akizaa kungwi yumo, na akigombana na mumewe kuna mahali pa kukimbilia. Mwanamke aliyefunda wari kwa miongo mingi hana mtoto? Waandishi wetu walihesabu matumbo badala ya kuhesabu wanafunzi.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema: "Wewe mwanamume, unyago unakuhusu nini? Ni siri ya wanawake." Pingamizi hili nalikubali nusu. Siri ni siri, na sitaki mhakiki yeyote, wa kiume au wa kike, avunje mlango ili apate shahada. Lakini kuheshimu mlango uliofungwa si sawa na kujifanya nyumba haipo. Mwandishi wa wasifu anaweza kuandika waziwazi: hapa kuna mlango, nyuma yake alifanya kazi kubwa kuliko zote, mimi sikuingia. Anaweza pia kuwauliza waliofundwa jambo lolote wanaloona halali kusemwa: alikuwa mkali? Alimfanyaje aliyechelewa kushika? Maswali hayo hayatoboi siri ya mtu. Hata Bi Kidude mwenyewe aliupandisha unyago jukwaani mbele ya wageni, na naamini alijua kipi cha kutoka na kipi cha kubaki ndani. Uamuzi ule nao ni uhakiki. Kwa nini hatujauandikia makala hata moja?

Pingamizi la pili linatoka kwa wenzetu wa sanaa za maonyesho. Wanasema mwalimu wa ngoma anajulikana sana katika nchi hii, tena serikali ilimwajiri. Ni kweli. Wizara ya utamaduni iliundwa mwaka 1962, kikafuata Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Mafundi wa ngoma waliletwa kutoka vijijini wakawa walimu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alifundisha Bagamoyo, na wanafunzi wake, pamoja na ndugu zake mwenyewe, walizipeleka sauti za Kigogo mbali sana.

Sikatai mchango huo. Ila tuone kilichotokea kwa mwalimu alipohama. Kijijini alifundisha ngoma moja kwa watoto ambao angewaona wakizeeka. Mjini ilibidi ngoma nyingi zipangwe kwa dakika chache chache, mgeni asichoke. Sindimba ya Wamakonde ikafika mpaka kwenye shule ambazo hazijawahi kumwona Mmakonde. Mimi mwenyewe niliicheza nikiwa darasa la tano, na niliyefundishwa naye alifundishwa na mtu aliyeiona uwanjani. Hatukujua ni ya nani wala ya nini. Tulijua tu kukata kiuno na kwamba waheshimiwa watacheka. Ngoma ilitufikia, mwalimu wake hakutufikia. Hii ndiyo tofauti ninayotaka tuione.

Madibira, mara ya pili

Basi nirudi kwenye lile swali la mguu.

Baada ya mwalimu kijana kunirudishia kurasa zangu, tulikubaliana twende kwa bibi pamoja na baadhi ya vijana wa kikundi cha zamani. Walikuja wanane. Wawili walikuwa wa familia za Kisukuma. Nalitaja hili kwa sababu wanaoijua Usangu wanajua yaliyopita kati ya wakulima na wafugaji juu ya maji na malisho, na ile operesheni ya mwaka 2006 iliyowaondoa wafugaji wengi Ihefu. Familia zilizobaki zilibaki zikitazamwa kwa jicho la pembeni. Kwenye uwanja wa bibi watoto wao walicheza. Katika utafiti wangu wa kwanza niliandika kwamba nyimbo zina "dhamira ya umoja". Niliipata dhamira hiyo kwenye beti. Wale wawili waliokuwa mstari wa mbele niliwapita.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chini ya mwembe, mkono wa kushoto umelala pajani, mkono wa kulia umeshika fimbo. "Kamwene," tukamsalimia. "Shikamoo bibi." Aliitika kwa shida. Ulimi ulikuwa mzito. Mwalimu akamweleza tulichotaka. Akatikisa kichwa, akawatazama vijana, akaonyesha uwanja kwa fimbo.

Walianza, na mara wakagombana. Mmoja alisema bibi aliwafundisha kuanza na kushoto. Mwingine akasema kulia, kushoto ni kwa wasichana. Binti mmoja akawaambia wote ni waongo, mguu hauanzi kabisa, kinachoanza ni bega, mguu unafuata. Wakaulizana, wakaoneshana, wakacheka. Wimbo wenyewe, ule niliouandikia kurasa nne, hakuna aliyejali kuuimba mpaka mwisho.

Bibi akapiga fimbo kwenye mguu wa kiti. Mara moja tu, halafu kimya, halafu mara mbili haraka. Wote wanane walinyamaza. Akapiga tena vilevile. Sikuona tofauti yoyote na kelele ya kawaida, lakini wao miili yao ilibadilika palepale, kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Binti yule akaingia kwa bega. Kijana wa pili akaingia nyuma yake kwa kulia, na wa tatu kwa kushoto, na nikaona kwamba wote watatu walikuwa wamesema kweli. Kila mmoja alifundishwa kuanza kulingana na nafasi yake katika mstari. Aliyekosea nilikuwa mimi, na mwalimu kijana, tuliodhani jibu ni mguu mmoja.

Kijana mmoja aliharakisha. Bibi hakumsema. Alielekeza fimbo kwa mchezaji mwingine aliyekuwa anakwenda vizuri, na yule mwenye haraka akahama akasimama nyuma yake. Baada ya kitambo akatulia. Baadaye nilimuuliza yule kijana kwa nini alihama bila kuambiwa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Bibi ndivyo anavyofundisha. Ukikosea unakwenda kusimama nyuma ya mwenzako mpaka upone."

Mpaka upone! Neno hilo sikulipata katika nyimbo saba. Limo katika desturi yao ya kufundishana, na ndani yake kuna nadharia nzima ya elimu: kosa ni maradhi na si dhambi, na dawa yake ni kukaa karibu na mzima. Mtoto wa mfugaji alipona nyuma ya mtoto wa mkulima, na siku nyingine kinyume chake. Hapo ndipo ulipokuwa ule umoja niliokuwa nikiutafuta kwa kalamu nyekundu kwenye takriri na mishororo.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza miaka miwili nyuma: "Bibi, wewe nani alikufundisha?" Alisema maneno marefu kwa sauti ya chini. Mwalimu akainama amsikilize, mimi nikainama, binti naye akainama. Tulishika neno "mama" na neno lililofanana na jina la mahali, upande wa milimani. Mengine yalipotea kwenye ulimi ule mzito. Alipoona hatukuelewa alitabasamu nusu mdomo, akapiga kiti tena, ile moja, kimya, mbili. Pengine ndilo lilikuwa jibu. Pengine alikuwa amechoka tu. Sitaki kulipamba. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa na nafasi ya kuuliza, akiwa na ulimi wake wote, niliuliza maana ya methali zilizomo katika wimbo wa tatu.

Bibi yule amekwishafariki.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba fani yetu ya wasifu, kuanzia kwa Shaaban Robert mpaka kwenye filamu, imezoea mtu anayepanda, na kwamba mwalimu wa ngoma hapandi. Anaenea. Maisha yake hayasomeki kwa kumtazama yeye peke yake hata ungemtazama miaka mia. Yanasomeka kwa wale waliopita mikononi mwake. Ndiyo maana Bi Kidude tunayemjua ni nusu, ile nusu yenye sigara na tuzo. Ile nusu nyingine inatembea mitaani Unguja katika miili ya wanawake ambao hakuna aliyewauliza. Na wao nao wanazeeka.

Ningependa kupendekeza mambo matatu, na walimu wetu wanisamehe kama navuka mipaka. Kwanza, kazi ya likizo ya fasihi simulizi isidai nyimbo tano. Idai wimbo mmoja, pamoja na maelezo ya namna unavyofundishwa: nani anafundisha, anamrekebishaje aliyekosea, na yeye alifundishwa na nani. Pili, kila mwanafunzi arudishe kazi yake kijijini kabla ya kuileta kwa mhadhiri. Kama anayetaka kuicheza ngoma hawezi kupata humo hata hatua ya kwanza, basi haijakamilika, na alama zisubiri. Tatu, tuanze kukusanya majina ya walimu hawa, kwa ruhusa yao, wakiwa bado na ulimi.

Mwalimu kijana anaendelea na kikundi. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu aliniambia wamepata ngoma mpya ya kupiga kwa sababu ya zamani ilipasuka, na kwamba anayefundisha sasa ni yule binti wa bega. Nilimwomba amuulize binti kama naweza kuja likizo ijayo. Akarudi na jibu: nije, lakini daftari nilifunge. Kwanza nitasimama nyuma ya mtu.